Tangazo la Mtu Mmoja

Nina ukumbi wa video kule Makina, Kibera. Nasema ukumbi kwa sababu ndivyo mume wangu alivyoandika ukutani kwa rangi nyekundu, na yeye alikuwa mtu wa kupenda makuu. Ukiingia utaona chumba kirefu cha mabati, fomu za mbao za kukalia zilizopangwa mstari mstari, shuka jeupe mwisho wa chumba, projekta iliyofungwa kwenye boriti kwa waya, na spika mbili ambazo zikianza kukohoa majirani wote wanajua nimefungua. Mume wangu alipofariki, watu wa kwao walinishauri nirudi Kakamega nikalime. Niliwaambia mahindi hayana maongezi, nikabaki na sinema zangu na mwanangu wa pekee.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba mimi sinema sizioni. Kazi yangu ni mlangoni. Nakaa kwenye stuli nikiwatazama wanaoingia, nyuma yangu kuna pazia, na nyuma ya pazia ndiko watu wanakopigana, wanakopendana na kuuana. Miaka yote hiyo nimeipa picha mgongo. Sinema ninazozijua nimezijua kwa masikio, na aliyeyalisha masikio hayo ni mwanangu.

Hapa kwetu picha ya Kichina au ya Kihindi haiachwi iongee yenyewe. Mtu hukaa kando ya shuka na maiki, anapunguza sauti ya picha, halafu anaongea yeye. Tunamwita DJ, ingawa muziki hapigi. Mwanangu alianza kazi hiyo akiwa bado shuleni, na akaimudu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Hakuwa mtu wa kusema "huyu anasema hivi, yule anajibu vile." Alikuwa anakuwa wao. Jambazi akifungua mdomo, mwanangu anasema, "Mimi ndio mkubwa wa hii mtaa." Msichana akilia, anasema, "Mimi nimechoka na wewe, rudi kwa mama yako." Wote walikuwa "mimi" kinywani mwake. Mtawa wa Kichina alikuwa na shangazi Busia, polisi wa Kihindi alikulia Laini Saba kando ya reli, na watu walikuwa wakicheka mpaka fomu zinasogea. Nami pale mlangoni nilicheka nikitazama barabara, wapita njia wakidhani nimerukwa na akili.

Kisha siku moja nikawaazima watu mwanangu.

Kulikuwa na mkutano wa injili kwenye uwanja upande wa Kianda, wa kanisa moja la Kawangware. Mchungaji wao huhubiri kwa Kiingereza, ingawa ni mtu wa kwetu Magharibi na Kiswahili anakijua kunishinda. Ndio mtindo wa siku hizi. Mhubiri akiwa na mkalimani kando yake, huonekana ametoka mbali. Basi siku hiyo mkalimani alikuwa amekaukiwa na sauti, na mtu akawaambia kuna kijana pale kwa video, huyo hata mbuzi anaweza kumtafsiri. Walikuja wakaniomba kwa heshima. Nikasema mchukueni, lakini mnirudishie kabla ya picha ya jioni. Alitoka na malapa yake miguuni. Sauti yake ilinifikia mpaka mlangoni kupitia vipaza sauti vyao, ikipanda mchungaji alipopanda, ikinong'ona mchungaji aliponong'ona. Nilijivunia, sifichi. Niliwaambia wateja huyo mnayemsikia uwanjani ni wangu.

Picha ya jioni ilianza bila yeye. Maiki ilikuwa juu ya kiti chake, watu wakatazama midomo ya Wachina ikifunguka na kufungwa, na hakuna aliyejua nani anamchukia nani.

Hakurudi kazini tena. Hatukugombana, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu waliogombana wana mahali pa kuanzia wakitaka kupatana. Alikuja mara moja kuchukua nguo zake. Chumba tunacholala kiko nyuma ya ukumbi, na njia ya kufika ni hiyo hiyo ya kupita kati ya fomu, kwa hiyo alisimama nje akaniomba nimtolee.

"Mathe, mimi siwezi ingia huko ndani tena. Ni nyumba ya giza."

"Ni giza kwa sababu ya projekta," nikamwambia. "Tukiwasha taa picha haionekani."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha ukumbi mzima kwa kukohoa tu, na sasa alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyetumwa hospitali kuona wagonjwa wasio wake. Nilimtolea begi, akalipokea kwa mikono miwili, akaenda zake.

Kutoka Kibera hadi Kawangware si safari. Ukiteleka githeri, mahindi na maharagwe, na jiko likawa zuri, unaweza kwenda na kurudi kabla hayajaiva. Mimi sikwenda kwa sababu sikuitwa, na nina kichwa kigumu, kila mtu wa Makina atakuambia. Yeye hakuja kwa sababu ya giza. Asubuhi za Jumapili alinitumia mstari wa Biblia kwenye simu, una maua pembeni, nami nilijua umetumwa kwa watu wengi kwa sababu ulianza na neno "mpendwa." Niliujibu kila mara. Nilimuuliza kama anakula. Jibu lilikuwa picha ndogo ya mikono miwili iliyounganishwa kuomba.

Upweke nilikuwa nausikia ukitajwa kwenye sinema nikidhani ni maneno ya Wahindi. Sasa ukakaa nami. Ulikuja hasa wakati wa kusonga ugali, maana ugali wa mtu mmoja haushikiki sufuriani, unazunguka na mwiko, na nilikuwa nikisonga wa wawili halafu nakula kiporo asubuhi nikijidanganya kwamba nakipenda. Ukumbini nako watu walipungua. Vijana wana simu, wanatazama picha zao wakiwa wamelala. Waliobaki kuja kwangu walikuwa wamefuata ile sauti, na sauti haikuwepo.

Ndipo wakaja wawili wa kanisa, msichana mwenye kitambulisho shingoni na mwenzake wa kubeba begi. Walikuwa wakizunguka kumbi zote za video, kuanzia Kibera hadi huko kwao, wakigawa tangazo kwenye flashi. Walitaka lionyeshwe kila siku kabla ya picha.

"Watu wako kwa sinema, mama," msichana akasema. "So na sisi tumeamua kuwafuata huko huko kwa sinema."

"Si mnasema hapa ni giza?"

"Si taa hupelekwa kwa giza, mama?"

Alinipata hapo, lakini sikumpa raha ya kujua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwaambie wapeleke taa yao kwa jirani. Mwenzake akanionyesha simu, akasema nitazame kwanza ndipo nikatae. Kulikuwa na kinanda, umati, mchungaji akiweka mkono juu ya vichwa. Kisha akatokea mwanangu, amevaa suti ya bluu, ametazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Mimi nilikuwa sauti ya giza," akasema. "Nilikuwa naongea maneno ya watu wa bure, ya wezi na wauaji, kwa nyumba haina dirisha. Leo naongea maneno ya uzima. Na wewe uko hapo umekaa kwa giza, nakuambia njoo. Njoo Kawangware, Jumapili. Kuna mahali pako."

Msichana akaniuliza kama ni nzuri. Nikasema ni nzuri. Hawakujua mimi ni nani wake. Hakuwa amewaambia, na kwangu walikuwa wamefika kama walivyofika kwa wengine. Niliipokea ile flashi nikaahidi kuonyesha kila siku.

Siku ya kwanza watu walishangilia. Waliposikia ile sauti, baada ya wakati wote huo wa kutazama midomo ya Wachina, ukumbi ulisimama. "DJ wetu!" "Buda, rudi kwa maiki!" "Hiyo suti imekubali!" Mimi nilikuwa mlangoni, pazia nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nilitamani kugeuka. Sikugeuka, kuna watu walikuwa wanaingia. Lakini nilimsikia. Alasiri nikamsikia tena, na jioni tena, na usiku ule nilisonga ugali nikiwa ninaimba.

Shangwe haikukaa. Mtu akiambiwa mara moja kwamba ameketi gizani atacheka, akiambiwa kila siku atauliza unamwona nani. Fundi mmoja wa mabati wa Laini Saba, mteja wangu tangu enzi za mume wangu, ndiye aliyeanza. Tangazo lilipokwisha siku moja, alipaza sauti kabla picha haijashika.

"Mathe, mimi nimelipa nione watu wakipigwa. Kuhubiriwa nahubiriwa home bure na bibi yangu."

Watu wakacheka. Mama mmoja muuza samaki, ambaye huja akiwa ameshamaliza karai lake, akamgeukia. "Na hiyo matangazo ya kamari uliangalia hapa mwaka mzima, ulisema kitu? Ya Mungu ndio inakuuma macho?"

"Kamari haijaniambia niko kwa giza."

"Lakini uko kwa giza," mama akasema, na hapo nusu ya ukumbi ikamuunga mkono na nusu ikazomea.

Kijana mmoja wa hapo Makina, mtoto wa watu wa msikiti, alisimama kwa adabu. Aliniuliza kama wao wakileta tangazo lao nitalionyesha pia. Nikamwambia alilete hata kesho, mimi sibagui. Aliondoka, akarudi baada ya siku chache akasema wazee wake wamekataa. Walisema hawawezi kukubali jina la Mungu litajwe halafu, kabla halijatulia masikioni, mtu apigwe teke la uso kwenye shuka hilo hilo. Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Wazee wale hawakuwa wanalinda sinema yangu isiingiwe na dini, walikuwa wanailinda dini yao isiingie kwenye sinema yangu, na nikaona hawajanitukana hata kidogo.

Na mimi ukiniuliza, hata leo, nitakuambia matangazo ya dini hayana kazi ndani ya sinema. Mhubiri akisimama stendi, ninampita. Msikiti ukiadhini, mwenye kwenda anakwenda na mwenye kukaanga mandazi anaendelea kukaanga. Lakini mtu akiwa kwangu nimemkalisha, nimemfungia pazia, nimemzimia taa. Hana pa kugeuza uso. Kumhubiria hapo ni kumshika mtu shati akiwa amelala. Haya yote niliyajua wakati huo huo nikiichomeka ile flashi. Nilikuwa nawatetea watu wa kanisa mbele ya wateja wangu kwa maneno makali, nikisema kila mtu ana haki ya kujitangaza, na moyoni sikuwa natetea kanisa lolote. Nilikuwa natetea sauti ya mtoto.

Aliyenishinda ni mwenye ploti. Ni bibi mzee wa Kinubi, ukoo wake uko Makina tangu kabla hatujafika sisi wa Magharibi, na mabati ya ukumbi wangu yamesimama juu ya ardhi aliyozaliwa. Alikuwa haachi picha ya Kihindi ya alasiri. Alikuja amejifunga gurbaba yake, vazi la Kinubi la maua, anakaa fomu ya mbele, na mwanangu akiwepo alikuwa akimjibu DJ kwa sauti kama vile wako wawili tu. Baada ya tangazo kuanza, nilimwona anakuja anakaa nje, kwenye jiwe kando ya mlango wangu. Nilidhani ni joto la mabati. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Kisha nikasikia anamuuliza mtu aliyekuwa anatoka, "Imeisha?" Akiambiwa imeisha, anainuka anashika goti lake, anaingia.

Siku iliyofuata nilimfuata pale jiweni. "Bibi, kwa nini unakaa kwa jua?"

"Nangoja wamalize kuniita," akasema.

"Si unajua ni kijana wetu."

"Ndio maana nakaa hapa sisemi kitu." Akanitazama. "Huyo mtoto nimemshika akiwa na siku saba. Akinisalimia nje hapa hata kwa hiyo dini yake mpya, nitamwitikia. Lakini nikiwa ndani, nataka nimlilie yule msichana wa Kihindi. Kule ndani hakuna anayejua nani Muislamu nani Mkristo. Tunalia tu. Hiyo ndio raha yake, jirani. Sasa wewe kila saa nane unawasha taa unatuhesabu."

Yule bibi amekula chumvi nyingi na hajawahi kunipandishia sauti, na alikuwa anakaa juani, kwenye ardhi yake mwenyewe, ili asinivunje moyo. Nilimwambia kesho yake aingie moja kwa moja.

Sasa nilikuwa nimeahidi kanisa kwamba nitalionyesha tangazo kila siku. Nilikaa nikatafuta njia. Hakuna aliyeniambia lionyeshwe saa ngapi, na hakuna aliyeniambia lionyeshwe kwa nani.

Kwa hiyo nikawa naamka, nafagia, nafuta fomu vumbi, nachemsha chai, na kabla sijaandika picha za siku kwenye ubao wa nje, nafunga mlango na kuwasha projekta. Halafu nakaa. Sikukaa mlangoni. Nilikaa fomu ya mbele, ile ya bibi, nikilitazama shuka. Nimemiliki sinema nusu ya maisha yangu, na hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyoitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa fupi kuliko kikombe cha chai.

Niliona mambo ambayo masikio na kile kioo kidogo cha simu havikunipa. Amekonda. Ile suti ni ya kuazima, mabega yake hayakuwa mabega yake. Kovu la kwenye nyusi, alilopata akiruka mtaro wa Kianda, wamelipaka poda lakini mimi nililiona. Anapotaka kusema "uzima" anapepesa macho kwanza, kama alivyokuwa akipepesa alipokuwa ananiambia amekula na hajala. Akifika pale pa "nyumba haina dirisha" nilikuwa nikimsahihisha. Dirisha lipo, baba yako ndiye aliyelipigilia gunia. Akisema njoo, namwambia njoo wewe. Akisema kuna mahali pako, naangalia fomu zote zile tupu nyuma yangu. Kisha tangazo linakwisha, shuka linabaki jeupe, nami nafungua mlango watu waingie.

Sikuwaambia watu. Wateja walidhani nimewasikia, na bibi wa Kinubi alirudi kwenye fomu yake, akakuta kikombe changu cha chai chini yake, akanitazama, asiniulize. Mara nyingine nilijiona mjinga. Mama mzima, nimekaa asubuhi kwenye sinema tupu nikitangaziwa mwanangu. Lakini kesho yake nilifagia haraka haraka ili nifike pale.

Miezi ikaenda hivyo. Kisha simu ikalia, nikaona ni yeye. Hakuwa amenipigia tangu aondoke. Nilifuta mikono kwenye leso mara mbili kabla ya kushika, kana kwamba angeona unga.

"Bwana asifiwe, mama."

Hakusema mathe. "Asifiwe, mwanangu. Umekula?"

"Tumebarikiwa. Mama, nimepewa kufuatilia hizi sinema za Kibera. Nimeona hata yako iko kwa list. Ile tangazo mnaonyesha?"

"Kila siku. Sijaruka."

"Amen. Na watu wanaichukuliaje?"

"Wametulia."

"Kuna wangapi hivi, kwa siku? Wanataka tuandike."

Nilitazama zile fomu. Ningeweza kumdanganya na angefurahi. "Mmoja," nikasema.

"Mmoja? Hiyo hall yote?"

"Mmoja. Lakini huyo hajawahi kukosa hata siku moja. Anakaa mbele kabisa."

Nikangoja. Nyuma yake mtu alikuwa anajaribu kinanda, noti ile ile, tena na tena. Nikajisemea sasa ameelewa, sasa atasema mathe.

"Sawa," akasema. "Hiyo pia ni roho, mama. Hata moja ni kitu. Mwambie akuje Jumapili."

"Nitamwambia."

"Ubarikiwe."

Mtu anayeweza kutafsiri Kichina asichokijua, na hilo likampita. Nilikasirika. Niliiweka simu juu ya spika nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikasema siendi. Nikasema hivyo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi nikajikuta nimevaa viatu vya kufungwa. Jumapili ndiyo siku ukumbi unajaa kuliko zote. Niliandika kwa chaki kwenye ubao, "Leo hakuna picha," na bibi wa Kinubi akausoma kutoka mlangoni kwake.

"Unaenda kule?" akaniuliza.

"Naenda."

"Mpe salamu zangu. Mwambie goti bado linauma."

Nilitembea. Nilipita soko la Toi, nikashika Ngong Road, kisha barabara ya kushuka Kawangware, kila kona ina spika na kila spika ina Mungu wake, na sikumlaumu yeyote kwa sababu kila niliyemchoka nilimpita. Kanisa lao ni hema kubwa la bluu kwenye uwanja wa udongo. Wahudumu wenye mikanda myekundu begani walinipokea, wakanikalisha mbele kwa sababu wageni hukalishwa mbele. Viti vilikuwa vya plastiki. Kamera ilisimama katikati kwa ajili ya watu wanaotazama kwenye simu wakiwa ng'ambo.

Wakatokea pamoja, mchungaji na mwanangu. Mchungaji alisema sentensi yake, mwanangu akaichukua. Mchungaji alifuta jasho, mwanangu naye akafuta la kwake. Mchungaji akasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa maskini na Mungu akamwinua, na mwanangu akasema, "Mimi nilikuwa maskini na Mungu akaniinua," maana mkalimani wa kanisani naye husema mimi, hasemi yeye. Nilitaka kucheka. Kazi ilikuwa ile ile. Alikuwa amehama ukumbi tu.

Alikuwa bado hajaniona. Kisha ukafika wakati wa wageni. Katika makanisa yetu mgeni haachwi akae kimya, lazima asimame, aseme ametoka wapi na ameletwa na nani, watu wampigie makofi. Walisimama watu kadhaa. Mmoja aliletwa na dada yake, mwingine na jirani. Wakisema kwa Kiswahili, mwanangu aliwageuza Kiingereza kwa ajili ya wale wa ng'ambo. Maiki ikaja ikapita mikono, ikafika kwangu, nikainuka.

Hapo aliniona. Alishika maiki yake kwa mikono miwili kama alivyolishika lile begi. Mchungaji akauliza swali, na yeye hakuwa na budi kuniuliza.

"Karibu mama. Umeletwa na nani leo?"

"Nimeletwa na tangazo," nikasema.

Akalisema kwa Kiingereza. Watu wakapiga makofi na mchungaji akanyoosha mkono mbinguni.

"Uliliona wapi, mama?"

"Kwa sinema. Kibera."

Akalisema hilo pia, sauti yake ikiwa chini kidogo. Makofi yakawa makubwa, wengine wakasimama, kinanda kikaingia. Mchungaji akazunguka jukwaani akisema mnaona, mnaona, hata kwenye nyumba ya giza, na mwanangu akamfuata akisema mnaona, mnaona, bila kuzunguka. Kisha mchungaji akataka kanisa lisikie ukubwa wa jambo hilo. Akaelekeza kidole kwangu, akauliza.

"Mama," mwanangu akasema, "anauliza... nauliza. Siku uliliona, mlikuwa watu wangapi?"

Nilimtazama yeye, sikumtazama mchungaji.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema. "Kila siku."

Makofi hayakujua yaanze au yangoje. Kiingereza changu ni kidogo lakini haya maneno nayajua, na nilisubiri kuyasikia. Mwanangu alifungua mdomo akaufunga. Alipepesa macho. Kisha akaleta maiki karibu, na kwa sauti ile niliyoisikia miaka yote nikiwa nimeipa mgongo, akaliambia kanisa zima kwa Kiingereza, "Mimi nilikuwa peke yangu, kila siku."

Mchungaji aliitikia amina, akaendelea. Alisema sentensi moja kwa Kiingereza, akangoja, akasema ya pili, akageuka kumtazama mkalimani wake. Hapakuwa na aliyezitafsiri; mwanangu alikuwa bado ananitazama mimi.